Kosa la Obama liko kwenye kalenda

Wahafidhina wanapomkosoa Barack Obama, wengi huanza na deni la taifa. Alilikuta likiwa dola trilioni 10.6 Januari 2009, akaliacha likikaribia trilioni 20 miaka minane baadaye. Takwimu ni sahihi, ila hoja yenyewe ni butu. Sehemu kubwa ya nakisi ya 2009 ilitokana na mdororo aliourithi, na nakisi ilishuka katika miaka yake ya baadaye, kwa kiasi fulani kwa sababu Republican walimbana kwa sheria ya ukomo wa matumizi ya Agosti 2011. Anayetaka kumkosoa vizuri aache jumla, asome tarehe. Sera zake nyingi kubwa, za ndani na za nje, zilifuata mpangilio mmoja: kitamu kinaliwa leo, bili inaandikiwa siku ambayo yeye hatakuwepo mezani.

Tuanze na mpango mdogo kabisa, kwa sababu ndani yake kila kitu kinaonekana waziwazi. Katikati ya 2009 serikali iliwalipa watu dola 3,500 au 4,500 wasalimishe magari yao mikweche na kununua mapya. Mkweche ulipaswa kuwa na umri usiozidi miaka 25, uwe unatembea, uwe umekatiwa bima mwaka mzima uliotangulia, na kwa kawaida usiende zaidi ya maili 18 kwa galoni. Gari jipya lisizidi bei ya dola 45,000. Kisha muuzaji aliuua mkweche: alimwaga oili, akatia takriban lita mbili za mchanganyiko wa silikati ya sodiamu, akawasha na kukanyaga mafuta hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Joto linakausha maji, kinachobaki ni kama kioo kinachosaga beringi, na injini inanoki moja kwa moja. Baada ya hapo gari lilitakiwa kupondwa ndani ya siku 180.

Dola bilioni 1 za mwanzo ziliisha ndani ya siku chache. Bunge likaongeza bilioni 2, na mpango ukafungwa mwishoni mwa Agosti baada ya kumeza magari yapatayo 680,000. Ikulu ikashangilia mauzo. Wachumi Atif Mian na Amir Sufi walipolinganisha miji iliyokuwa na mikweche mingi na ile iliyokuwa nayo michache, walikuta kwamba mauzo ya ziada ya Julai na Agosti yalikuwa yamefutika karibu yote kufikia Machi 2010. Wanunuzi walikuwa wale wale, wamevutwa miezi michache mbele kwa fedha za mkopo. Na yule asiye na uwezo wa kununua gari jipya, ambaye tegemeo lake ni gari lililotumika na spea za bei nafuu, alikuta injini nzima zimeteketezwa kwa makusudi. Hilo halikuandikwa katika taarifa yoyote ya mafanikio.

Sheria ya bima ya afya ya Machi 2010 ni mpangilio huo huo kwa ukubwa wa taifa. Vijana kubaki kwenye bima ya wazazi hadi miaka 26: mwaka huo huo. Wajibu wa kila mtu kuwa na bima, na faini yake: 2014. Kodi ya asilimia 40 kwa bima za gharama kubwa, yaani zinazozidi dola 10,200 kwa mtu mmoja au 27,500 kwa familia: 2018, mwaka mmoja baada ya Obama kuondoka. Wataalamu wake waliitaja kodi hiyo kuwa nguzo ya kudhibiti gharama za matibabu. Nguzo gani hiyo ambayo aliyeichora hakuthubutu kuisimamisha akiwa madarakani? Desemba 2015 ikasogezwa hadi 2020, tena kwa saini yake mwenyewe, na Desemba 2019 ikafutwa kabla haijakusanya hata senti moja.

Wajibu wa waajiri nao ulikuwa na kasoro ya kiufundi ambayo mwenye kampuni yoyote angeiona asubuhi moja. Mwenye wafanyakazi 50 wa muda wote lazima awakatie bima, na muda wote maana yake ni saa 30 kwa wiki. Basi mfanyakazi wa 50 akawa ghali kuliko wa 49, na saa ya 30 ghali kuliko ya 29. Lengo lilikuwa kumlinda mwenye kipato kidogo, lakini ni yeye ambaye saa zake ndizo rahisi kukatwa. Julai 2013 serikali ikatangaza kwamba haitautekeleza wajibu huo 2014 kama sheria ilivyosema, bali 2015, na baadaye ikawapa wenye wafanyakazi 50 hadi 99 mwaka mwingine tena. Kati ya 2013 na 2015 kuna Novemba 2014, mwezi wa uchaguzi wa Bunge.

Nje ya nchi tarehe zilikuwa na madhara makubwa zaidi, kwa kuwa adui naye anasoma kalenda. Tarehe 1 Desemba 2009, katika chuo cha kijeshi cha West Point, Obama alitangaza kupeleka askari 30,000 zaidi Afghanistan, na katika hotuba hiyo hiyo akasema wataanza kurudi Julai 2011. Taliban hawakuhitaji majasusi. Mzee wa kijiji aliyeombwa kushirikiana na Wamarekani alijua wageni wataondoka lini, na nani atabaki kuwa jirani yake.

Makubaliano ya nyuklia na Iran ya 14 Julai 2015 ndiyo kielelezo kamili. Yasomwe kama mkataba wa kupanga nyumba: nini kinatolewa, lini, na kinaisha lini. Iran ilikubali kubaki na mashine 5,060 za kizazi cha kwanza zinazorutubisha urani katika kituo chake cha Natanz: miaka 10. Akiba ya urani isizidi kilo 300, na urutubishaji usizidi asilimia 3.67: miaka 15. Vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa vikaisha Oktoba 2020, na vile vya makombora Oktoba 2023. Upande wa pili, vikwazo vikuu vya mafuta na benki viliondolewa Januari 2016, kwa mkupuo. Iran ilipokea mapema na kulipa kwa kusubiri.

Wakaguzi wakikataliwa kuingia mahali panapotiliwa shaka, utaratibu uliruhusu siku 14 za mashauriano, 7 za kamati ya pamoja, na 3 za utekelezaji, jumla 24. Watetezi walisema urani haifichiki kwa siku 24, na ni kweli, chembechembe zake hubaki. Lakini kutengeneza bomu si urani peke yake. Chumba cha kujaribia vilipuzi vya kawaida, au kompyuta zenye hesabu za mlipuko, vinahamishika ndani ya wiki tatu bila kuacha kitu. Obama mwenyewe aliiambia redio moja Aprili 2015 kwamba kufikia mwaka wa 13 au 14 muda wa Iran kupata malighafi ya bomu ungeweza kushuka hadi karibu sifuri. Wasaidizi wake wakahangaika kumfafanua.

Jibu la kawaida ni kwamba Donald Trump ndiye aliyejitoa Mei 2018, na Iran ikapandisha urutubishaji hadi asilimia 60, si mbali na kiwango cha bomu, mwaka 2021. Sawa. Lakini kwa nini kujitoa kulikuwa rahisi hivyo? Kwa sababu Obama hakupeleka makubaliano Seneti kama mkataba, ambako angehitaji theluthi mbili. Alitegemea maseneta 42 kuzuia kura ya kuyapinga Septemba 2015. Kilichojengwa kwa saini ya rais mmoja kilivunjwa kwa saini ya mwingine. Kwa haki, kifungu kimoja kilifanya kazi kama kilivyoandikwa: kile cha kurudisha vikwazo vya Umoja wa Mataifa, ambacho Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, washiriki wa makubaliano hayo, walikianzisha Agosti 2025. Nacho kilikuwa kimebakiza chini ya miezi miwili kiishe.

Tarehe nyingine ilimbana kisheria, na hiyo nayo aliikwepa. Sheria ya 1973 humpa rais siku 60 za kupigana bila idhini ya Bunge. Mashambulizi ya Libya yalianza Machi 2011, siku zikaisha Mei, na Ikulu ikadai kwamba kurusha makombora na ndege zisizo na rubani si "uhasama" unaotajwa na sheria hiyo. Mwaka 2016 Obama alisema kwamba pengine kosa lake kubwa zaidi lilikuwa kutopanga siku inayofuata baada ya Gaddafi kuanguka. Mjadala wa Bunge aliouruka ulikuwa mahali hasa pa kuuliza kuhusu siku hiyo.

Wahafidhina wenzangu wasifurahie mapema. Sheria ya kodi ya Republican ya 2017 iliwapunguzia watu binafsi kodi kwa muda, ikaweka mwisho wa nafuu hiyo Desemba 2025, ili hesabu ya nakisi ionekane ndogo kwenye karatasi. Na makubaliano ya Doha ya Februari 2020, yaliyowaahidi Taliban kwamba askari wote wa kigeni wataondoka kufikia Mei 2021, hayakusainiwa na serikali ya Obama.