Saki 4.5 za Mario Williams

Kila mwaka NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ikifika kama wiki ya 5 au ya 6 mjadala ni uleule. Kuna timu ilimchukua kijana juu kabisa kwenye drafti, pale timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, kazi yake moja tu, kumvamia kwotabeki, yule anayerusha pasi, sasa watu wanafungua simu kuangalia ana saki ngapi, yaani amemwangusha kwotabeki mara ngapi kabla hajaachia mpira, wanakuta 1, au hana kabisa, basi kijana ameshakuwa garasa, timu imepigwa, meneja afukuzwe. Shemeji yangu, ambaye ndo tunaangalia naye mechi hapa Houston, hana subira kabisa na hawa madogo. Kwake saki ni kama goli kwa straika, unalo au huna, habari za "alikaribia" akamweleze mama yake. "Namba hazidanganyi shem." Mimi namjibu kwa namba pia, na ni ileile miaka yote, 4.5, mpaka siku hizi nikianza tu kuitaja anainuka anaenda jikoni.

4.5 ndo saki alizomaliza nazo Mario Williams msimu wake wa kwanza, 2006. Anayeikumbuka anaikumbuka na hasira zake. Texans, timu yetu ya Houston, walikuwa na chaguo la 1, na jiji zima lilikuwa na mtu wake, Vince Young, mtoto wa hapahapa Houston, Januari ile alikuwa ametoka kuipa Chuo Kikuu cha Texas ubingwa, na kama si yeye basi angalau Reggie Bush wa USC. Wao wakamchukua mvamizi kutoka North Carolina State. Watu wakazomea. Halafu Mario anacheza wiki inaisha hana kitu, nyingine hana kitu, na Young aliyechukuliwa na Tennessee anakuja Houston Desemba, mechi inaenda muda wa nyongeza, anakimbia na mpira yadi 39 anafunga, kwisha habari, mbele ya watu waliomtaka. Mwisho wa msimu Young ndo chipukizi bora wa upande wa kushambulia. Hebu niambie, jioni ile ungesimama kumtetea Mario ungeongea nini?

Msimu uliofuata Mario akapata saki 14. Uliofuata tena, 12.

Nimeizungusha hii 4.5 kichwani kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, nakubali. Anza na ile nusu. Nusu maana yake walifika wawili kwa wakati mmoja wakagawana, angemtangulia mwenzake kwa hatua moja ingekuwa 5, angechelewa hatua moja ni 4. Sasa chukua msimu mzima, enzi hizo mechi 16, mvamizi wa kikosi cha kwanza anamwendea kwotabeki mara mia kadhaa kwa mwaka. Tofauti ya mwenye saki 4.5 na mwenye 9, yaani tofauti ya garasa na kijana anayeupiga mwingi, ni matukio manne na nusu. Kati ya mia kadhaa! Kwotabeki mmoja anaachia mpira nusu sekunde mapema, mwingine anakimbilia upande wa pili na mwenzako ndo anamdaka, siku nyingine umeshamlaza chini kabisa halafu refa amerusha kitambaa kwa kosa la beki aliyeko yadi 30 kutoka pale, saki inafutwa, na mwisho wa mwaka wewe ni mtu wa 4 badala ya mtu wa 9. Na zinakuja kwa mafungu pia. Aidan Hutchinson wa Detroit mwaka 2022 alimaliza na 9.5, msimu mzuri wa kwanza hakuna ubishi, ila 3 kati ya hizo alizipata ndani ya nusu moja ya mechi dhidi ya Washington wakati kwotabeki wao ni Carson Wentz, na wiki iliyofuata Eagles wa Philadelphia wakamwangusha huyohuyo Wentz mara 9. Sasa hapo tunampima Hutchinson au tunampima Wentz? Wote wawili kidogo kidogo.

Na bado sijagusa mguu. Mario sehemu kubwa ya ule msimu alicheza na maumivu ya unyayo, yale ambayo ukikanyaga chini asubuhi unaona nyota. Mtu ambaye mshahara wake wote umekaa kwenye hatua ya kwanza mpira ukianzishwa. Haikuandikwa pembeni ya 4.5 kwamba mguu ulikuwa mbovu.

Miaka mitano baadaye hapahapa Houston, 2011, chaguo la 11, J.J. Watt, watu wakazomea tena (hili jiji na kuzomea!). Msimu wa kwanza 5.5. Ukiishia hapo ni mtu wa kawaida, ila aliyekuwa anaangalia mechi badala ya simu alimwona anavyowabeba wale mabaunsa wanaomlinda kwotabeki, na Januari kwenye mechi ya kwanza ya mtoano katika historia ya Texans alidaka pasi ya Andy Dalton palepale mbele ya uso wake akaenda kufunga. Mwaka uliofuata akapata saki 20.5. Ishirini na nusu. Hakuna mtu anayetoka 5.5 kwenda 20.5 kwa kujifunza mpira upya kiangazi kimoja, vitu vingi vilikuwepo tayari, vilikuwa tu haviingii kwenye ile safu moja ya namba.

Sasa upande wa shemeji, maana si mjinga na watu wengi wenye akili wako naye. Hoja yake ya kwanza ni hela. Chipukizi wa raundi ya kwanza anasaini miaka 4, na klabu baada ya msimu wa 3 tu lazima iamue kama inachukua ile opsheni ya mwaka wa 5, yaani kumwongeza mwaka mmoja juu ya ile minne, mwisho mwanzoni mwa Mei. Kwa hiyo "tusubiri" si neno la bure, mwaka wa kwanza ukisema subiri na wa pili ukisema subiri umeshafika mlangoni na huna jibu. Hoja ya pili inaniuma zaidi: mimi nawakumbuka Mario na Watt kwa sababu waliwaka. Wale waliopata 4, halafu 4, halafu 3, halafu wakapotea, nani anawataja? Mtu kama Vernon Gholston tunamkumbuka kwa sababu tu yake ilizidi. Jets wa New York walimchukua namba 6 mwaka 2008, kifua kama kabati, chuoni Ohio State alitoka kupata saki 14 msimu wake wa mwisho, na kwenye NFL alicheza misimu mitatu akaondoka na sifuri, hata nusu ya kugawana hakupata. Waliosema mapema hana kitu walikuwa sahihi, na kila aliyesema subirini alipoteza muda wake.

Hoja ya tatu nampa yote bila ubishi. Wanaowaka mapema wengi ni moto kweli. Jevon Kearse 14.5 mwaka 1999, ndo rekodi ya chipukizi hiyo, Aldon Smith 14 mwaka 2011, Micah Parsons 13 mwaka 2021, hakuna hata mmoja ukisema alibahatisha watu watakuelewa. Saki 13 huzipati kwa bahati. Ila angalia vizuri hoja hii inakwenda upande mmoja tu, namba kubwa inakupa habari nyingi, namba ndogo inaweza kuwa mguu, inaweza kuwa kocha, inaweza kuwa kijana kweli hawezi, na yenyewe haikwambii ni ipi. Shemeji anazisoma zote mbili kwa uzito mmoja na hapo ndo tunapoachana.

Hilo la kocha nalo lisipite hivihivi. Jason Babin, 2004, Texans walitoa chaguzi kibao kupanda mpaka namba 27 wamchukue. Chuoni alikuwa anaanzia na mkono chini anafyatuka, hapa Houston ya kocha Dom Capers akasimamishwa kama lainibeka, mlinzi wa nyuma ya safu ya mbele, mara arudi nyuma akabe pasi, mara afanye hiki. Akapata 4, halafu 4, halafu 5, akauzwa. Garasa, tukasema wote, na mimi nisingebisha. Mwaka 2010 akiwa Tennessee chini ya kocha wa safu Jim Washburn, ambaye alikuwa anawapanga watu wake nje kabisa na kuwaambia nendeni tu, akapata 12.5. Washburn akahamia Philadelphia, Babin naye akahamia Philadelphia, 2011 akapata 18. Alikuwa na miaka 31! Kwa hiyo tulimhukumu Babin au tulimhukumu Capers? Ingawa shemeji anasema, na ana haki, kwamba miaka saba ni mingi mno na Texans hawakupata faida yoyote ya zile 18.

Ndo maana Will Anderson alipokuja 2023 nilikaa kimya nikaangalia. Texans walipanda kutoka 12 mpaka 3, wakawapa Arizona hiyo 12, namba 33, raundi ya kwanza ya mwaka unaofuata na raundi ya tatu juu yake, watu wakasema wameuza nyumba kununua gari. Mechi ya kwanza kule Baltimore akamwangusha Lamar Jackson, halafu zikaja wiki kavu, na simu zikafunguliwa kama kawaida. Kijana ametoka Alabama aliwahi kupata 17.5 msimu mmoja, mbona hazionekani? Lakini ukimfuata yeye tu bila kufuata mpira ulikuwa unaona. Presha ilikuwepo, kwotabeki anahama, anatupa haraka, anatupa nje, na mara nyingine Anderson anajipigiza ndani kwa mabaunsa wawili makusudi ili mwenzake apite, na mwenzake wa upande wa pili, Jonathan Greenard, mwaka ule akamaliza na 12.5. Anderson akamaliza na 7 na bado wakampa tuzo ya chipukizi bora wa ulinzi, kuna watu walikasirika mpaka leo. 2024 akapata 11, 2025 akapata 12.

Na huyo Greenard mwenyewe ni somo, misimu yake minne Houston ilikwenda 1, halafu 8, halafu 1.5, halafu 12.5. Mtu mmoja huyo. Baada ya hapo akaenda Minnesota, na kutoka Minnesota akaja Danielle Hunter, ambaye msimu wake wa mwisho chuoni LSU alikuwa na saki moja na nusu, ndo maana alisubiri mpaka namba 88 mwaka 2015, chipukizi akapata 6, mwaka wa pili 12.5.

Kuna kitu kimoja hakisemwi sana. Kocha wa Texans sasa ni DeMeco Ryans, na Ryans alichaguliwa na Texans 2006, namba 33, drafti ileile ya Mario. Yeye ndo alikuwa chipukizi bora wa ulinzi mwaka ule wakati Mario anazomewa. Alikuwa kwenye kile chumba cha kubadilishia nguo. Aliona mguu, aliona mazoezi ya katikati ya wiki, na mwaka uliofuata aliona 14 zinaingia moja moja akiwa nyuma yake hatua chache. Sisemi ndo sababu alikuwa mpole na Anderson, sijui kichwa cha mtu, ila nikimwona pembeni ya uwanja kijana anamaliza mechi nyingine bila saki na yeye hata hanuni, nakumbuka.

Mimi nikimwangalia mvamizi mpya naangalia vitu vichache tu. Hatua ya kwanza inalingana na mpira au anashtuka baada ya wenzake. Akizuiwa mbinu ya kwanza, ana ya pili au anasimama anasukumana tu kama yuko kwenye foleni, hapa ndo Gholston aliishia. Wanampelekea mtu mmoja au wawili, maana makocha wa upande wa pili hawapotezi mtu wa ziada kwa garasa. Na robo ya nne bado anakimbia? Hivi ukiviona mpaka katikati ya msimu wa pili na namba bado haijapanda, hapo nitakaa meza moja na shemeji tuanze kusema.

Ila yeye ana karata yake na huwa anaiweka mwisho. Jadeveon Clowney. Chaguo la 1, 2014, Texans hao hao. Msimu wa kwanza goti, mechi 4, saki 0. Mwaka uleule Khalil Mack, namba 5, alipata 4 tu, mwaka wa pili akapata 15, na mimi nikaongea sana, nikasema unaona, hawa watu wanataka muda, Clowney naye mwaka wa pili kapata 4.5, ileile ya Mario, nikaichukua kama ishara. Nikaahidi mbele ya mashahidi kwamba atafika 10 na akishindwa mbuzi juu yangu. 2016 akapata 6. Anazuia mbio kama ukuta, wanamchagua mchezo wa nyota, lakini 6. 2017 akapata 9.5. Yaani kuna siku moja mwaka ule angefika hatua moja mbele ya mwenzake badala ya kufika pamoja, mbuzi angepona. 2018 akapata 9, 2019 wakamuuza Seattle, na nikadhani yameisha. 2023, amezunguka timu na timu, yuko Baltimore, ana miaka 30, nimeshasahau kabisa, shemeji ananitumia picha ya takwimu za mwisho wa msimu saa sita usiku bila neno lolote.

9.5.