Dao iundwe kwa kila ombi, au mara moja?

Katika programu ya wavuti, dao ni objekti inayobeba kazi yote ya kuandika na kusoma hifadhidata. Sisi tunaotengeneza mifumo hapa Mtwara tunabishana iundwe lini: kila ombi la mtumiaji linapoingia, au mara moja tu programu inapowashwa?

Wanaotaka kila ombi liwe na dao yake wana hoja nzito, na mimi niliijua kwa uchungu. Msimu mmoja wa korosho nilikitengenezea chama cha msingi mfumo wa mizani. Dao niliiunda mara moja, ikashika muunganisho mmoja, yaani njia moja ya mawasiliano na hifadhidata. Karani wa kwanza aliingiza kilo 412 za mzee mmoja. Kabla muamala (maandishi yanayothibitishwa au kutenguliwa kwa pamoja) haujathibitishwa, ombi la karani wa pili likagoma na kutengua muamala wake. Muunganisho ni mmoja, hivyo na muamala ulikuwa mmoja: kilo 412 zikafutika, huku skrini ikisema zimehifadhiwa. Magunia yameshaingia ghalani, mzee amesimama pale, stakabadhi hakuna.

Lakini dao ya kila ombi ikifungua na muunganisho wake, siku ya mnada patachimbika. Hifadhidata ya PostgreSQL isipobadilishwa mipangilio ina kikomo cha miunganisho 100, na kila mmoja una mchakato wake kwenye seva. Wakulima wa Tandahimba na Newala wakifungua ukurasa wa bei kwa pamoja, nafasi zikijaa anayefuata anakataliwa. Kuunda objekti yenyewe ni kazi ndogo mno. Kinacholemea ni kufungua muunganisho na kuhakiki nywila kila mara.

Ndiyo maana siku hizi dao naiunda mara moja, ila siiruhusu ishike chochote: si muunganisho, si jina la karani, si kilo. Miunganisho michache, tuseme 10, inafunguliwa mapema. Ombi linaazima mmoja, linaipa dao, likimaliza linaurudisha. (Kwenye lugha ya PHP, kwa kawaida ubishi huu haupo, maana objekti hufa ombi linapokwisha.)

Faida kubwa zaidi naiona pale kazi moja inapogusa dao mbili. Stakabadhi na makato ya mkulima lazima viandikwe pamoja au visiandikwe kabisa, na hilo haliwezekani kwa muamala wa kawaida kila dao ikijifungulia muunganisho wake.