Saratani iliyosambaa kwenye utando wa tumbo: kisu au dawa iliyopashwa moto?

Saratani ya utumbo mpana ilipoonekana imeota kwenye utando unaofunika viungo vya tumboni, kwa miaka mingi madaktari waliona kwamba upasuaji hauna la kufanya tena. Msimamo huo ulitikiswa mwaka 2003 na utafiti wa Uholanzi uliohusisha wagonjwa 105. Nusu ya waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa kuondoa vivimbe, kisha tumbo likaoshwa kwa mitomisini, dawa ya saratani, iliyopashwa moto, walivuka miezi 22.3, ilhali kwa waliotegemea zaidi dawa za mshipani kiwango hicho kilikuwa miezi 12.6. Hata hivyo, kwa kuwa upasuaji na dawa ya moto vilijaribiwa pamoja, haikujulikana ni kipi hasa kilichowasaidia.

Jibu lililo karibu zaidi na swali hilo lilitoka Ufaransa. Katika utafiti wa PRODIGE 7, uliochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 265 walifanyiwa upasuaji uleule, na nusu yao wakaongezewa kuoshwa tumbo kwa oksaliplatini, dawa nyingine ya saratani, ya nyuzi joto 43 kwa dakika 30. Nusu ya walioongezewa walivuka miezi 41.7, na nusu ya wengine 41.2, lakini ilipopimwa siku ya 60 madhara makubwa yalionekana kwa asilimia 26 ya walioongezewa, dhidi ya asilimia 15 ya wengine.

Watetezi wa dawa ya moto wanajibu kwamba wagonjwa wengi walikuwa wamekwisha kupewa oksaliplatini kabla ya upasuaji, hivyo huenda chembe za saratani zilizobaki zilikuwa sugu kwa dawa hiyo, na kwamba dakika 30 ni chache. Hoja hiyo naiona nzito. Siuoni uzito huohuo katika hoja ya kwamba wenye ugonjwa wa wastani walinufaika, kwa sababu kundi hilo lilichambuliwa baada ya matokeo kujulikana. Linafaa kuanzishia utafiti mwingine, si kumlipisha mgonjwa.

Kwa kuwa dawa ya moto haikuonekana kuongeza maisha juu ya upasuaji, familia ya Afrika Mashariki inayochangishana fedha za matibabu India ianze kwa kuuliza kama vivimbe vyote vinavyoonekana vinaweza kuondolewa, na iulize mapema, kabla mgonjwa hajadhoofika. Pale visipoondoka, hata mtetezi mkubwa wa dawa ya moto hawezi kuahidi mengi, maana dawa hiyo hupenya milimita chache tu ndani ya uvimbe.