Adrien Niyonshuti na Kazi Isiyoonekana Kwenye Matokeo

Kila anapotajwa Adrien Niyonshuti, mwendesha baiskeli mstaafu wa Rwanda, habari huanzia mwaka 1994. Alikuwa na umri wa miaka 7 yalipotokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na ndugu zake sita waliuawa. Hakuna mwandishi mwenye haki ya kulipita jambo hilo kimya. Lakini makala nyingi zilizoandikwa juu yake, hasa za Ulaya na Marekani, zikishasimulia msiba huo huruka moja kwa moja hadi kwenye picha yake akiwa amebeba bendera ya taifa kwenye Olimpiki jijini London mwaka 2012, na miaka yote ya kazi iliyo katikati huachwa bila neno. Kwa maoni yangu, tumemsifu kwa kunusurika tukasahau kumpima kwa kazi yake.

Kazi hiyo ilianza kuchukua sura mwaka 2007, Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mbio maarufu za baiskeli za Ufaransa, alipofika Rwanda kuunda timu ya taifa na kumchagua miongoni mwa vijana wake wa mwanzo. Mwaka 2009 alisajiliwa na timu ya Afrika Kusini iliyokuja kujulikana kama MTN-Qhubeka, akawa Mrwanda wa kwanza kuendesha katika timu ya kulipwa ya mbio za barabarani. Nguvu za miguu alikuwa nazo. Nchi ya vilima elfu huzitoa kwa kila kijana anayebeba ndizi na viazi kwa baiskeli. Ambacho vilima havifundishi ni kukimbia bega kwa bega ndani ya kundi la watu zaidi ya 100, gurudumu lako likiwa karibu kugusa la mwenzako, kisha kukata kona ya mteremko bila kushika breki ovyo. Mtoto wa Ubelgiji hujifunza hayo angali shule ya msingi, ilhali Niyonshuti alijifunza akiwa mtu mzima, mbele ya watu waliozaliwa ndani ya mchezo huo. (Watangazaji wanaopenda kusema kwamba Mwafrika hushindwa kwa kukosa pumzi wangefaa kutafakari hilo.)

Tena hakuajiriwa ili ashinde. Katika timu ya baiskeli mshindi huwa mmoja, na wengine huajiriwa kwa ajili yake. Msaidizi hurudi nyuma hadi kwenye gari la timu, hupokea chupa za maji na kuzisokomeza ndani ya fulana, kifuani na mgongoni, mpaka anavimba kama gunia, kisha hulazimika kulikimbiza tena kundi akiwa na mzigo huo na kuzigawa kwa wenzake. Baada ya hapo hukaa mbele kukata upepo ili kiongozi aliye nyuma yake asichoke. Kilomita 50 kabla ya mwisho mara nyingi kazi yake imeisha, na jina lake huonekana chini kabisa ya orodha, au halionekani.

Kwa hiyo ukifungua matokeo yake bila kuijua kazi hiyo utamdharau. Katika Olimpiki ya London alishiriki mbio za baiskeli za milimani, ambazo hata hazikuwa fani yake kuu, akamaliza wa 39. Huko Rio mwaka 2016 alianza mbio za barabarani na hakumaliza, katika siku ambayo zaidi ya nusu ya walioanza hawakufika mwisho. Mwaka 2015 timu yake ilipokuwa ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kushiriki Tour de France, Waeritrea Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus walikuwamo katika kikosi cha watu 9, yeye hakuwamo. Wapo wanaouona huo kuwa mkasa. Mimi naona ni uamuzi wa kawaida wa timu, na kumhurumia kwa hilo ni kumwondoa tena kwenye daraja la wanariadha wa kulipwa.

Tangu mwaka 2014 hadi 2018 Wanyarwanda walishinda Tour du Rwanda, mbio za kuzunguka nchi yao, kila mwaka, wakianza na Valens Ndayisenga. Siwezi kudai kwamba ushindi huo ni wa Niyonshuti, ila vijana hao walikua wakimwona mtu wa kwao akilipwa mshahara kwa kuendesha, jambo ambalo yeye mwenyewe hakupata kuliona. Rwamagana, mashariki mwa Rwanda, kuna chuo cha baiskeli chenye jina lake, na baada ya kustaafu amefundisha timu ya taifa ya Benin.

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na kwa mara nyingine wageni walikuja wakitafuta hadithi za Rwanda. Mwandishi atakayekutana na Niyonshuti namwomba amuulize, upepo unapovuma kutoka ubavuni na kundi linaanza kukatika vipande, msaidizi hujuaje mahali pa kumweka kiongozi wake. Nina hakika anaweza kulizungumzia hilo kwa saa nzima.