Nimelipa Shilingi 65,000 Kwenda Kuchota Taabu

Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, na sehemu kubwa ya utoto wangu niliimaliza nikipanda na kushuka mabonde yenye utelezi, dumu la maji kichwani na siafu miguuni. Baba yangu, Mungu amlaze mahali pema, aliuza kahawa kilo kwa kilo kwenye chama cha ushirika ili nisome, nipate kazi ya kukaa kwenye kiti, nikaishi Moshi mjini karibu na bomba, na nisiulizwe tena na mtu yeyote kama mtoni nimekwenda mara ngapi. Mpango huo ulikwenda vizuri kwa miaka 19. Uliharibika mwezi uliopita, ofisi yetu ilipojaliwa kumpata mtu anayependa mandhari.

Mtu huyo, ambaye nitamwita Mratibu kwa kuwa ndicho cheo alichojivika mwenyewe, alifungua kundi la WhatsApp, akatuingiza watu kumi na mmoja bila kutuuliza, kisha akatangaza kwamba Jumamosi tungekwenda kwa miguu hadi kwenye maporomoko ya Materuni, kule Uru, tulale kwenye mahema na kurudi Jumapili tukiwa watu wapya. Mchango ulikuwa shilingi 65,000 kwa kila kichwa. Nilipouliza fedha hizo zinalipia nini, ikiwa kitanda hakuna, mafuta ya gari tunachangia na mchele tunabeba wenyewe, Mratibu alijibu kwamba zinalipia uzoefu. Nilikaa kimya. Uzoefu huo ninao ghalani, na laiti ningejua kuwa una soko, ningeuuza kwa jumla na rejareja.

Kutoka Moshi mjini hadi Materuni ni kilomita zipatazo 15, safari ambayo kwa gari mtu hawezi hata kusinzia vizuri. Wenzangu, hata hivyo, walikuja na mizigo ya watu wanaohamia Kongo. Dada wa masijala alibeba mito miwili na pasi ya mkaa, ambayo mpaka leo hajaeleza ilikuwa ya kunyooshea nini, na kijana wa manunuzi alikuja na sanduku la magurudumu, akaliburuza hatua kama thelathini hivi kwenye njia ya mawe kabla gurudumu moja halijachomoka na kuteremka lenyewe kurudi mjini. Nililionea wivu lile gurudumu. Sanduku lenyewe tukalibeba kwa zamu kama jeneza, kichwa mbele.

Tulikuwa tumepumzika kwa mara ya nne, chini ya migomba, ndipo bibi mmoja alipotupita akipanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mzigo mkubwa kiasi kwamba uso wake ulionekana kwa shida. Tulimwamkia sote kwa pamoja, naye akaitikia bila kuhema hata kidogo, akatutazama sisi, akayatazama mahema, mito, masufuria na lile sanduku, kisha akauliza kwa huruma iliyotoka moyoni:

"Poleni, wanangu. Mwenye nyumba amewafukuza?"

Mratibu alijitahidi kumweleza kwamba tumekuja kwa hiari, kupumzisha akili. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu ya umri, akasema, "Baba, kama ni kodi, semeni tu. Si aibu." Alipoendelea na safari yake tulijaribu kumfuata nyuma ili tusiaibike, lakini baada ya kona mbili hatukumwona tena.

Sitayasingizia maporomoko yenyewe, kwa sababu hayana kosa. Maji yanadondoka kutoka kimo cha takribani mita 80, yanashuka kwenye jabali jeusi lililovaa majani mabichi kila upande, na manyunyu yake yanamfikia mtu aliye mbali kabla hajaamua kama anataka kuloa. Chini kuna kidimbwi. Kijana mwenyeji aliyetuongoza, ambaye njia nzima alitembea na kandambili huku sisi tukianguka na viatu vya bei mbaya, alitutahadharisha kwamba maji hayo ni ya baridi sana kwa kuwa yanatoka juu mlimani. Kijana wa manunuzi akasema yeye amezoea maji ya baridi, akaruka, na sauti aliyoitoa alipoibuka ilikuwa ya mtu anayemwita mama yake aliye wilaya nyingine. Mimi nilisimama kando, nikahesabu kimoyomoyo kwamba maji yaliyomwagika pale kwa dakika moja yangenitosha kuoga tangu Kipaimara hadi ndoa, na hakuna aliyekuwa ameweka hata ndoo.

Baadaye tulipelekwa kutwanga kahawa kwenye kinu, huku tukiimba na kupiga makofi, na huduma hiyo nayo ilikuwa na malipo yake. Mimi, ambaye nilisomeshwa kwa kahawa ili nisije kuitwanga, niliitwanga. Naona nisiseme zaidi.

Tulipiga mahema kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, cha mwenyeji wetu, na hapo ndipo ninapotaka kueleza kwa urefu. Hema nililopangiwa lilikuwa limeandikwa kwamba ni la watu wanne. Sijui mtengenezaji aliwapima watu wa taifa gani, maana tuliingia wawili na goti langu likabaki nje. Balaa kubwa zaidi ni kwamba huyo wa pili alikuwa mkuu wangu wa idara. Mtu wa rika lako akikukoromea unampiga kiwiko, na ndugu yako akikuvutia blanketi unalivuta nawe, lakini kanuni za utumishi hazisemi lolote kuhusu mkuu wa idara aliyekulalia mkono. Nilimwachia ule mkono kama mtu anavyoacha dhamana mahakamani. Mvua ya vuli ilipoanza, hema lilivuja upande mmoja tu, na mkuu, hata usingizini, alikuwa na kipawa cha uongozi cha kuhamia upande mwingine.

Ilipofika kama saa nane za usiku, msituni juu yetu kilisikika kitu. Kilianza polepole kama mlango wenye kutu, kikapanda, kikapanda tena, mwisho kikawa ukelele wa mtu anayenyongwa huku akidai chenji yake. Mkuu aliamka, akanishika shati, akaanza Rozari katikati, kwenye tendo la uchungu.

Mimi nilimtambua mwenye sauti papo hapo. Alikuwa perere, mnyama mdogo anayekaa mitini, ambaye umbo lake halizidi sungura mnene, na aliyenitisha mara ya mwisho nilipokuwa darasa la pili. Ningeweza kumwambia mkuu. Lakini mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi, mgongo umeloa, na mkuu alikuwa amekwisha kuziacha sala za kawaida na kuingia kwenye toba ya binafsi, akimweleza Mungu kwa sauti ya chini kuhusu posho fulani ya semina, kuhusu shemeji yake, na hatimaye kuhusu "yule kijana wangu niliyemnyima likizo mara mbili bila sababu". Kijana huyo, mwenye umri wa miaka 46, alikuwa amelala sentimita tano kutoka kwake. Nilisubiri amalize. Alipofika kwenye ahadi ya kurekebisha, na kuitamka wazi, ndipo nilipokohoa na kusema:

"Mkuu, huyo ni perere. Hana madhara. Wataalamu wanasema ni wa ukoo mmoja na tembo."

Akanyamaza kwa muda. "Na hao tembo," akauliza, "wako wapi?"

Hakulala tena mpaka kulipokucha. Jumatatu asubuhi nilikuta fomu yangu ya likizo mezani, imesainiwa, siku zote 14, na hatujalizungumzia jambo hilo mpaka leo.

Ningekuwa mtu mwenye furaha kama Mratibu asingesambaza picha. Mama yangu, ambaye anakaa peke yake Kibosho na hutumiwa kila kitu na wajukuu, aliniona nimekaa chini ya mgomba wa watu nikila wali uliogandamana, akanipigia simu kuuliza nimekosewa nini nyumbani hata nikalale nje Uru, tena kwa kulipa, wakati kitanda changu kipo, blanketi lipo, na samadi ya kupeleka migombani inanisubiri tangu Pasaka. Hakugomba. Alinyamaza, na aliyelelewa na mama wa Kichagga anajua kunyamaza kule kuna uzito gani. Sikuona njia nyingine ila kukata jani la sale, mmea ambao sisi Wachagga huombea msamaha, na kwenda kumwangukia kwa taratibu zote, kwa kuwa mbele ya sale hata aliyekasirika vipi hulainika.

Kosa langu la mwisho lilikuwa kulitaja jambo hilo ofisini. Mratibu aliuliza maswali mawili tu: kama kwa mama kuna mto, na kama kuna nafasi ya mahema sita. Mama amekwisha kupigiwa simu na kukubali, ameomba kila mgeni afike na dumu lake, na samadi haitaguswa mpaka wafike. Mchango umetangazwa jana jioni. Ni 70,000, na nilipomkumbusha Mratibu kwamba mimi ni mtoto wa nyumba hiyo, alinijibu kwamba mwisho wa kulipa ni Alhamisi.