Kampuni ya bima ikikalia fidia yako

Wanasheria wa bima hupenda kutukumbusha kwamba mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu wa pande zote mbili. Kanuni hiyo hutajwa zaidi kwa jina la Jaji Mansfield wa Uingereza, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766, naye alisema wazi kwamba inaifunga kampuni pia. Maneno mazuri, lakini tazama adhabu zilivyogawanywa. Wewe ukificha ugonjwa kwa makusudi unapojaza fomu, dai lako linaweza kutupwa lote. Kampuni ikikuzungusha miaka miwili huku ikijua inadaiwa, mara nyingi huamriwa ilipe kilekile ilichodaiwa tangu mwanzo, na riba kidogo juu yake.

Sasa kwa nini ilipe mapema? Pesa ikibaki kwake inazaa, na wadai wengine watachoka njiani na kukubali nusu.

Mwaka 1996, katika kesi ya Sprung, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimsikiliza mwenye kiwanda kilichoharibiwa na wahuni. Bima ilikataa kumlipa kwa wakati, na biashara ikafa. Hasara hiyo ya pili hakufidiwa hata senti, kwa kuwa sheria ya huko haikutambua madai ya kucheleweshewa malipo ya bima. Ilibidi kungoja hadi Mei 2017 ndipo kampuni zikawekewa sharti la kulipa ndani ya muda unaofaa. Miaka ishirini na ushee! California ilikuwa imeshafungua mlango wa kushtaki kampuni kwa nia mbaya tangu miaka ya 1950.

Kesi ninayoirudia mara kwa mara ni ya Kanada: familia ya Whiten dhidi ya kampuni ya bima ya Pilot. Januari 1994 nyumba iliungua usiku, baridi ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Familia ilitoka na nguo za kulalia, na baba akampa binti yake ndara zake, miguu yake mwenyewe ikaumizwa vibaya na barafu. Mkuu wa zimamoto alisema hakuna dalili ya kuchoma kwa makusudi. Mtathmini aliyetumwa na kampuni yenyewe akasema vivyo hivyo, akashauri walipwe. Kampuni ikamwondoa, ikaacha kulipa kodi ya nyumba waliyokuwa wamepangishiwa, ikashikilia kwamba wamejichomea wenyewe. Kesi ilipofika mahakamani, baraza la wazee wa mahakama liliongeza dola milioni 1 za adhabu juu ya fidia yao, na mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Kanada ikazirudisha baada ya mahakama ya rufani kuzipunguza hadi 100,000.

Sikatai kwamba matapeli wapo. Kampuni ina haki ya kuchunguza, na hata kukosea kwa nia njema. Ila uchunguzi wa kutafuta ukweli hauanzi na kubadilisha mtathmini mpaka apatikane wa kusema unachotaka.

Kwa hiyo dai likikataliwa, usiridhike na jibu la simu. Omba sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba kinachotumika, kisha tunza tarehe zote. Pilot haikuangushwa na machozi ya familia. Ripoti na barua zilizokuwa kwenye faili lake lenyewe ndizo zilizoionyesha mahakama kwamba ilijua.