Miti haizibi tundu la ozoni

Msimu wa kupanda miti haupiti bila kiongozi kusimama na mche mkononi akasema tunalinda tabaka la ozoni. Na joto la Dar es Salaam likipamba moto mwezi wa pili, hakosekani abiria kwenye daladala wa kusema ozoni imetoboka. Wajuzi huwacheka wote wawili. Mimi mmoja namcheka, mwingine namsikiliza kwanza.

Ozoni, gesi inayotuchujia mionzi ya jua ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi, iko wapi? Hapa kwetu ikweta, troposfia, tabaka la chini la hewa lenye karibu mawingu na mvua zetu zote, hufika kama kilomita 16 juu. Hapo ndipo stratosfia inapoanzia, na humo ndimo kuna takriban asilimia 90 ya ozoni. Ukiishusha yote hadi usawa wa bahari ingebaki utando wa milimita 3 tu. Nayo hutengenezwa hukohuko: mionzi ya urujuanimno hupasua oksijeni, vipande vikajishikiza kwa oksijeni nyingine. Mtetezi wa kiongozi atauliza, kwani miti haitoi oksijeni? Inatoa, ila oksijeni ni asilimia 21 ya hewa. Haijapungua hata ozoni ikose malighafi. Kilichoila ozoni ni klorini iliyomo katika gesi za friji na za makopo ya kupulizia, gesi ambazo mvua haiziteremshi, zikapanda polepole miaka na miaka. Mti hauzifikii. (Upandwe tu, una kazi zake nyingine.)

Abiria naye amekosea mahali. Tundu lililotangazwa mwaka 1985 liko Antaktika, hutokea kila mwaka kuanzia karibu na Agosti, kisha hujifunga. Jua la kwetu linaunguza, na wenye ualbino wanalijua kuliko sote, kwa sababu hupita utosini na tabaka la ozoni la ukanda huu ni jembamba kwa asili. Kofia pana inahitajika tundu liwepo, lisiwepo.

Lakini kuunganisha ozoni na joto si upuuzi. Gesi zilezile zilizoila ozoni hunasa joto kwa nguvu kubwa, hivyo Mkataba wa Montreal wa 1987 ulipozipiga marufuku ulipunguza na ongezeko la joto. Halafu zikaja mbadala kama R-134a: haina klorini, ozoni haiigusi, ila kilo yake moja hupasha dunia zaidi ya mara 1,000 ya kilo ya kaboni dioksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Ndiyo sababu nchi zilikutana Kigali Oktoba 2016 kukubaliana kuzipunguza hizo nazo.

Basi fundi friji akifungulia gesi ya zamani ipotee hewani ili ajaze mpya, swali ni gesi gani. Ikiwa R-22, ya friji za zamani na yenye klorini, kaumiza ozoni na kaongeza joto. Ikiwa R-134a, kaongeza joto tu. Yule abiria alikuwa jirani na ukweli kuliko kiongozi. Hotuba ileile ingetolewa kwenye karakana ya mafriji, ningepiga makofi.